Msiba wa Mheshimiwa

Asubuhi ya Jumamosi ya mwisho ya Juni, mwaka 1997, Penina Chilongani wa Kidato cha Tatu alifunua kanga iliyofunika sanduku la mbao chini ya dirisha la Bweni la Ruaha, akainama, akasema, "Shikamoo, Mheshimiwa," na Mheshimiwa hakuitika.

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Mheshimiwa alikuwa mjusi, na tangu aletwe bwenini hakuwahi kuitikia salamu ya mtu. Ila siku zote alifungua angalau jicho moja, akamtazama msalimu kama mtu aliyekatizwa usingizi na mwananchi wa jimbo lake. Leo hakufungua hata hilo moja. Alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kipande cha gogo, rangi imemkolea kama udongo uliomwagiwa maji. Penina akaingiza mkono. Mwili ulikuwa wa baridi kama jiwe la kisimani. Akauinua mguu wa mbele, ukainuka. Akauachia, ukaanguka.

"Mwanaidi," aliita, na sauti ikamtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. "Njoo uone."

Mwanaidi, rafiki yake kutoka Kondoa, alikuwa anatandika kitanda cha jirani. "Kama ni chura tena kwenye ndoo yangu, Penina, leo nakusemea kwa matroni."

"Amekufa."

"Nani?"

"Mheshimiwa."

Mwanaidi akacheka mpaka akakalia kitanda alichokwisha kukitandika. "Hiyo ya leo kali! Hata machozi umeyapata. Umetumia kitunguu?"

Haikuwa haki kumlaumu Mwanaidi. Mwezi Aprili lilitokea tangazo ubaoni, limepigwa chapa vizuri, likimtaka kila mwanafunzi afike paredi saa kumi na moja alfajiri akiwa na mto wake, kwa ajili ya Ukaguzi wa Mito Kitaifa. Wasichana mia nne na ushee walisimama kwenye upepo wa Dodoma wamekumbatia mito, na wawili ambao hawakuwa na mito walikuja wakilia. Mwezi Mei ikagundulika kwamba wanafunzi wote wa Kidato cha Kwanza walikuwa wakiipigia magoti pampu ya maji na kuiamkia kabla ya kuchota, kwa kuwa dada mmoja, mpole na mcha Mungu, aliwaeleza kwamba pampu isiyoamkiwa hukauka. Dada huyo alikuwa Penina.

Mkuu wa shule, Madam Dorothea, alikuwa mwanamke mrefu asiyepandisha sauti, maana hakuwahi kuhitaji. Alimwita Penina ofisini akamwambia, "Binti, la tatu ni tranka kichwani, mpaka kwenu Haneti." Na Haneti alikuwapo baba, aliyekwisha kuapa kwamba mtoto atakayefukuzwa shule kwa upuuzi atalikuta jembe lake limeegemezwa mlangoni, na hatalitua mpaka aolewe. Penina alikuwa na akili za kutosha kujua kwamba baba yake, tofauti na yeye, hakuwa na mzaha.

Aliyemwokoa ni Mwalimu Nikodemo wa Baiolojia. Mwalimu alikuwa anakwenda kozi Morogoro kwa wiki tatu, na alikuwa na mjusi. Si mjusi wa hivihivi. Alipewa mwezi Oktoba na Mjerumani mmoja, mtaalamu wa udongo aliyekuwa akifunga virago kuondoka Kondoa. Asili yake Australia, akapitia Ujerumani, akaishia kwetu. Alikuwa na urefu wa mkono mpaka kiwiko, kichwa cha pembetatu, na chini ya kidevu mkunjo wenye miiba laini aliouvimbisha akikasirika, ukawa ndevu. Mara kwa mara aliinua mkono mmoja taratibu na kuuzungusha hewani, kama anayeomba kuchangia hoja. Kwa kuwa Bunge la bajeti lilikuwa limekaa mjini, jina lilipatikana lenyewe.

"Nchi ina mijusi kila jiwe," alisema Mzee Silvano, mpishi mkuu, siku alipomwona, "na bado tunaagiza wengine kutoka nje! Soko huria hili, wanangu, litatumaliza."

Mwalimu Nikodemo alikuwa na imani kwamba mtu akikabidhiwa kiumbe kinachomtegemea, moyo wake hutulia. Madam Dorothea hakuwa na imani hiyo, ila alikuwa na kitabu cha adhabu. Akaandika humo, na Penina akatia sahihi: Mwalimu akirudi akamkuta mjusi mzima, kesi imefungwa; akimkuta amekufa, au pakitokea mzaha mwingine wa namna yoyote ile, mwanafunzi anaondoka siku hiyohiyo.

Ndivyo Penina, ambaye hakuwahi kufuga hata kuku, alivyokuwa mlezi. Mwalimu alimwachia maelezo ya nusu ukurasa. Taa ya sanduku iwake asubuhi mpaka jioni. Wadudu kila siku, wasizidi ukubwa wa nafasi kati ya macho yake. Mchicha ukatwe mdogomdogo. Atolewe juani saa nne.

Siku ya kwanza alimlisha amesimama juu ya kitanda. Siku ya tatu alimlisha amekaa chini. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anazunguka mashamba ya mabua na chupa ya panzi, akirudi na miguu imechanika, na mende wote wa stoo ya chakula walikuwa wamekamatwa kwa mkono. Mzee Silvano alikiri kwamba katika miaka kumi na minne stoo haikuwahi kuwa na amani kama ile. Saa nne Mheshimiwa alikaa juu ya jiwe mbele ya bweni, amejitandaza kama chapati, na Penina akakaa pembeni kumfukuza kunguru. Hapo hakumtania mtu. Wenzake walianza kuwa na wasiwasi naye.

Wiki ya pili ukaja mgao wa umeme. Taa ya sanduku ikawa inawaka usiku, watu na mijusi wakiwa wamelala, na kuzimika mchana. Halafu ukaja upepo ule wa mwisho wa Juni unaopenya sweta na kuuma mifupa, na jua likawa la kuangalia tu. Mheshimiwa akaacha kula panzi. Akaacha mchicha. Akajichimbia nyuma ya gogo na hakutaka kutoka. Penina akaenda zahanati ya shule.

"Ana homa?" aliuliza nesi.

"Hapana. Ana baridi."

"Basi mpe panadol nusu."

Nesi alikuwa hajauliza mgonjwa ni nani. Penina hakumpa. Alimfunika kwa kanga yake, akalala yeye bila kanga, na siku tatu baadaye ndiyo ikawa Jumamosi ile.

Mwanaidi alipochoka kucheka, aliona kwamba mwenzake hajacheka. Akasogea. Akagusa mkia kwa ncha ya kidole, akaruka nyuma.

"Astaghfirullah! Penina, huyu maiti kweli."

"Nimekwambia."

Wakakaa juu ya kitanda, mabega yamegusana. Kisha Mwanaidi, kwa kuwa alilelewa vizuri, akaanza kupanga mazishi.

"Azikwe kabla ya adhuhuri. Maiti hawekwi. Tukachimbe nyuma ya choo cha zamani, pana udongo laini."

"Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Mfiwa hajafika." Penina alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Kwetu mtu hazikwi mpaka mwenye msiba afike. Shangazi akiwa Mwanza anasubiriwa, hata siku nne. Na mwenye msiba ni Mwalimu Nikodemo, anarudi kesho kutwa."

"Penina, huyu ni mjusi."

"Mjusi ana mwenyewe. Halafu fikiri: nikimzika, nikawaonyesha tuta, nani ataniamini? Madam atasema nimemuuza. Atasema nimemwachia porini. Lazima wamwone kwa macho, hana jeraha, hana alama. Nikiondoka, niondoke kwa kosa nililofanya."

Mwanaidi alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Ataoza," alisema kwa upole.

Hilo lilikuwa neno. Walikwenda maabara kutafuta dawa ya kuhifadhia vyura, wakakuta chupa, lebo yake imeandikwa vizuri, na ndani buibui. Kwa hiyo wakaenda jikoni.

Mzee Silvano alikuwa anachambua maharage. "Marahaba, marahaba. Leo mnachukua mende au mnaleta?"

Penina akaweka kanga juu ya meza, akaifunua, akaeleza. Alitegemea kicheko. Mzee alivua kofia yake nyeupe ya upishi, akaishika kifuani.

"Pole, mwanangu. Kufia ugenini si jambo dogo."

"Mzee unaniamini?"

"Mtu wa mzaha huchungulia aone umenaswa au bado. Wewe hunitazami kabisa." Akarudisha kofia. "Sasa unataka akae mpaka Jumatatu asiharibike. Swali hilo unaniuliza mimi, Mgogo? Nyama tunaiwekaje isioze?"

Juu ya majiko makubwa ya matofali palikuwa na uchaga, dari la fito lililofukizwa na moshi tangu shule ijengwe, ambapo mzee alikausha mboga za majani na, matroni akiwa mbali, vipande vya nyama yake binafsi. Akachukua katoni ya sabuni, akatandika matambara, akamlaza Mheshimiwa humo, akapanda ngazi.

"Katikati hapana," alisema kutoka juu. "Tukimweka katikati, Jumatatu Mwalimu tutamkabidhi mkaa. Hapa mwishoni, moshi haumfikii, joto tu. Atakauka taratibu, kwa heshima."

Jumapili nzima Bweni la Ruaha lilisubiri Penina acheke. Walipita kitandani kwake wakisema "poleni kwa msiba" huku wamebana midomo. Mmoja alileta rambirambi ya kipande cha sabuni. Penina alipokea, akashukuru, akaendelea kukunja nguo na kuzipanga kwenye tranka. Mchana akaandika wasifu wa marehemu, kwa sababu msiba usio na wasifu hakuujua, na kwa sababu mikono ilihitaji kazi. *Marehemu alizaliwa Australia, tarehe haijulikani. Alipata elimu yake Ujerumani. Hakuacha mke wala mtoto. Ameacha panzi wanane.* Alipofika kwenye panzi alisimama. Walikuwa bado kwenye chupa dirishani, wazima, wanarukaruka. Hapo alilia kwa sauti, na bweni likatulia, na hata aliyeleta sabuni akatoka nje.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, shule ilikuwa mstarini baada ya uji. Mwalimu Nikodemo alisimama upande wa walimu akiwa bado na begi la safari begani, anatabasamu kama mtu aliyekumbuka nyumbani. Madam Dorothea alikuwa ngazini na kitabu cha adhabu kwapani. Kabla hajafungua mdomo, Penina alitoka kwenye mstari bila kuitwa. Jambo hilo halikuwahi kutokea, hata yeye hakuwahi kulifanya.

"Shikamoo, Madam. Naomba kusema."

"Marahaba. Sema."

"Mjusi wa Mwalimu amekufa. Jumamosi asubuhi. Nilimpa kila kitu kilichoandikwa, Madam, na amekufa. Tranka nimeshafunga."

Kicheko kilianzia Kidato cha Pili kikasambaa kama moto wa nyasi. Tabasamu la Mwalimu lilikuwa limebaki usoni, halina kazi tena.

"Kimya!" Kimya kikaja. Madam alishuka ngazi mbili. "Mwili uko wapi?"

"Jikoni, Madam."

Wasichana mia nne waliokuwa wamemaliza kunywa uji dakika kumi zilizopita waliacha kupumua.

"Jikoni *wapi*?" aliuliza Madam, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule sauti yake ilipanda.

"Juu ya jiko. Tumemweka akauke."

Mtu wa nyuma alianza kutema mate. Wa pembeni yake akafuata. Kijana mtunza stoo alikuwa anaapa kwamba uji ule ulikuwa wa mahindi matupu, aliupima mwenyewe, na hapakuwa na aliyemsikiliza, maana wakati huohuo kutoka jikoni kulisikika ukelele. Haukuwa ukelele wa mtu aliyeungua. Ulikuwa wa mtu mzima aliyeishi vizuri, akamcha Mungu, na ghafla akaitwa kwa jina lake na kitu kisichopaswa kumjua.

Mlango ukafunguka kwa teke. Mzee Silvano alitoka na mwiko mkononi, macho meupe, anakimbia moja kwa moja kuelekea paredi, na juu ya kofia yake nyeupe, kucha zimeshika, mdomo umeachama njano, ndevu zimevimba nyeusi tii, alikuwa amekaa Mheshimiwa.

Wanaosimulia habari hii hawakubaliani juu ya kilichofuata, kwa kuwa hakuna aliyebaki kukiona. Kidato cha Kwanza kilipita katikati ya walimu. Bendera ilibaki nusu mlingoti, aliyekuwa akiipandisha ameachia kamba. Mwanaidi alidai kwamba alipanda mti wa mfenesi, ingawa baadaye alikumbushwa kwamba shule haina mfenesi.

Penina hakuamua kukimbia. Miguu iliamua. Ilimpitisha mbele ya mlinzi aliyekuwa amenyanyuka kuuliza kuna nini, ikamvusha ua wa minyaa mahali pasipo na njia, ikamtoa barabara ya Kondoa, na ikaendelea. Kiatu kimoja kilibaki kwenye minyaa. Mguu wa Mheshimiwa alikuwa ameushika yeye mwenyewe. Aliuinua, ukaanguka. Alikuwa amemwandikia wasifu.

Alipokosa pumzi alikaa juu ya ukingo wa karavati, maili nzima kutoka shuleni. Hapo ndipo gari la shule lilipomkuta, Madam Dorothea kwenye usukani, na Mwalimu Nikodemo pembeni amekumbatia koti lake lililoviringishwa.

Penina akasimama. "Msimlete! Mwalimu, nakuomba, msimlete karibu! Huyo alikufa. Nilimgusa mimi."

"Hakufa, Penina," alisema Mwalimu akishuka. "Nadhani alilala. Baridi ilimzidi, mwili ukajizima, halafu joto la jiko..."

"Unadhani?" alisema Madam kupitia dirishani.

Mwalimu alikuna kichwa. "Nilimpata Oktoba, Madam. Baridi yake ya kwanza mikononi mwangu ndiyo hii. Sikujua kama wanalala hivyo. Kama ningekuwapo mimi, nadhani ningekuwa nimemzika Jumamosi."

Neno hilo lilimwingia kila mmoja kwa wakati wake. Mwalimu mwenyewe lilimchelewa. Alilitazama koti mikononi mwake, akalikumbatia zaidi.

Madam alishuka. Alifungua kitabu cha adhabu juu ya boneti, akasoma mistari ile kimoyomoyo, kidole kikifuata.

"Mjusi ni mzima," alisema. "Hapo umepona. Lakini imeandikwa pia, mzaha wa namna yoyote ile. Shule yangu iko porini. Mpishi wangu yuko kanisani na hataki kutoka. Nusu ya wanafunzi wanajaribu kutapika uji. Katika yote uliyonifanyia, Penina, sijaona lililopangwa vizuri kama hili. Kwa hiyo niambie: ulijua?"

Penina alifungua mdomo. Alikuwa na majibu ya kila aina siku zote, yamejipanga kama askari. Leo alitikisa kichwa tu.

Madam alimtazama usoni. Kisha akamtazama miguuni, mguu mmoja una kiatu na mwingine una damu na utomvu wa minyaa. Akatazama barabara yote aliyoikimbia.

"Nimefundisha miaka ishirini na miwili," alisema. "Mtani habanduki. Hubaki aone wenzake wanavyokimbia, maana ndiyo malipo yake. Wewe ulitangulia shule nzima." Akafunga kitabu. "Mtu hawezi kuukimbia mzaha wake mwenyewe maili moja, tena peku. Kesi imefungwa. Mchukue mjusi wako."

"Wa Mwalimu," alinong'ona Penina.

"Mwalimu angemzika. Mchukue."

Ilimchukua muda. Mara mbili alinyoosha mikono na mara mbili ikarudi yenyewe. Mara ya tatu Mwalimu aliweka koti viganjani mwake, na nguo ikafunguka. Mheshimiwa alikuwa ananuka moshi na vitunguu. Ndevu zilikuwa zimeshuka. Alikuwa na joto, joto la kweli, kama mkate, na chini ya kidole gumba cha Penina ubavu uliingia, ukatoka, ukaingia tena.

"Anapumua," alisema Penina, kwa sauti ya mtu anayetoa habari mbaya, kisha akaketi chini katikati ya barabara ya Kondoa.

Madam Dorothea aligeuka, akawa anashughulika na kioo cha pembeni ambacho hakikuwa na tatizo lolote. "Panda gari," alisema, bado amewapa mgongo. "Kipindi cha kwanza ni hesabu."

Walimsaidia kupanda nyuma. Alimwingiza Mheshimiwa ndani ya sweta, kucha zikamshika shati, na njia nzima mpaka getini Penina alikaa wima, mikono imemzunguka, hathubutu kukaza wala kulegeza.